Binti wa Sonara na Gongo la Kriketi

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wanakisomo na wazazi. Tunayachapa hapa ili na wengine wayasome, na wawasomee jirani zao.)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbolea wala juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Hayo tumeyazungumza mara nyingi, na tutayazungumza tena. Leo tumekuja na habari za msichana mmoja wa nchi ya India. Jina lake ni Shafali Verma. Kazi yake ni kucheza mchezo unaoitwa kriketi. Tarehe 2 Novemba 2025, akiwa na umri wa miaka 21, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Na wiki moja tu kabla ya siku hiyo, hakuwamo hata kwenye timu.

Mtatuuliza: "Sisi ni wakulima. Kriketi inatuhusu nini?" Ni swali zuri. Tunaomba mtuvumilie kidogo. Mchezo wenyewe ni wa mbali, lakini mambo yaliyompata binti huyu yanatokea hapa hapa kwetu. Nani apewe nafasi? Nani anyimwe? Na majirani watasema nini? Hayo tunayajua sote.

Mchezo wenyewe ukoje?

Kwanza tuuelewe mchezo, maana wengi wetu hatujauona.

Kuna timu mbili. Kila timu ina watu 11. Katikati ya uwanja kuna njia nyembamba, urefu wake kama mita 20 hivi. Kila mwisho wa njia hiyo imechomekwa miti mitatu. Mchezaji mmoja anasimama mbele ya miti akiwa na gongo bapa la mbao. Huyo ni mpigaji. Mchezaji wa timu ya pili anakuja mbio kutoka upande wa pili na kumrushia mpira mdogo, mgumu. Huyo ni mrushaji.

Mrushaji anataka mpira upige ile miti. Mpigaji analinda miti yake, tena anataka kuupiga mpira uende mbali. Ukienda mbali, yeye na mwenzake aliye upande wa pili wanabadilishana nafasi kwa mbio. Kila wakivuka mara moja wanapata mkimbio mmoja. Mpira ukifika kwenye mpaka wa uwanja, wanapata mikimbio 4. Ukiruka mpaka bila kugusa chini, wanapata 6. Miti ikipigwa, au mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka. Anaingia mwingine. Wakitoka 10, zamu yao imekwisha, na timu ya pili nayo inashika gongo. Wenye mikimbio mingi ndio washindi.

Zipo mechi fupi, ambazo kila timu inarushiwa mipira 120. Zipo za kati, mipira 300. Na zipo ndefu za siku kadhaa. Za wanawake mara nyingi ni siku nne. Haya, kwa leo hayo yanatosha.

Huko alikozaliwa

Shafali alizaliwa tarehe 28 Januari 2004 katika mji wa Rohtak, jimbo la Haryana. Ni kama kilomita 70 hivi kutoka Delhi. Haryana ni jimbo la wakulima. Wanalima ngano na mpunga, na wanafuga nyati wa maziwa.

Lakini jimbo hilo lilikuwa na aibu moja. Watu walipohesabiwa mwaka 2001, ilionekana kwamba kwa kila watoto wa kiume 1,000 wenye umri chini ya miaka saba, watoto wa kike walikuwa 819 tu. Hebu fikirini hesabu hiyo. Wale wengine walikwenda wapi? Familia nyingi zilitaka wana wa kiume. Wako waliopima mimba, na walipoambiwa ni mtoto wa kike, wakaitoa. Sheria ya India ya mwaka 1994 inakataza kupima mimba ili kuchagua mtoto, lakini watu waliipita pembeni. Mwaka 2011 walihesabu tena, na watoto wa kike walikuwa 834. Ilikuwa nafuu ndogo sana. Januari 2015 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alianzisha kampeni ya nchi nzima ya kuwaokoa na kuwasomesha watoto wa kike. Aliianzishia katika mji wa Panipat, na Panipat uko huko huko Haryana.

Tunayasema haya ili mwelewe. Binti wa Rohtak alizaliwa mahali ambapo hata kuzaliwa kwa mtoto wa kike kulikuwa na vita yake. Kucheza je?

Baba yake ni sonara. Ana duka dogo la mapambo. Alipokuwa kijana aliupenda sana mchezo wa kriketi, lakini hakufika mbali. Alipopata watoto, akaanza kumfundisha mwanawe wa kiume. Binti naye akafuata. Baba hakumfukuza. Akawafundisha wote wawili.

Oktoba 2013, Sachin Tendulkar alikuja kucheza katika kijiji cha Lahli, karibu na Rohtak. Huyo Tendulkar ni mpigaji ambaye Wahindi wanampenda kupita kiasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa mechi yake ya mwisho katika mashindano ya majimbo ya India. Shafali alikuwa na miaka tisa. Alikwenda na baba yake kumtazama. Aliona jinsi watu walivyojaa na walivyoshangilia. Tangu hapo akawa na neno moja tu kichwani: na mimi nitacheza.

Nywele zilikatwa

Sasa sikilizeni vizuri hapa.

Baba alimchukua binti yake kumpeleka mahali pa kufundishwa kriketi. Wakamkataa. Akaenda kwingine. Nako wakamkataa. Wakasema wao wanafundisha wavulana. Msichana ataumia, na akiumia wao ndio watakaolaumiwa. Na mahali pa kuwafundisha wasichana, mjini pale hapakuwepo.

Baba akafanya nini? Akaamuru nywele za binti zikatwe fupi, kama za mvulana. Kisha akampeleka tena. Safari hii wakampokea. Hawakujua kuwa ni msichana!

Ikatokea mashindano ya watoto huko Panipat. Kaka yake alitakiwa kucheza, lakini akaugua. Shafali akaenda badala yake, kwa jina la kaka yake, akacheza na wavulana watupu. Alicheza vizuri hata akapewa tuzo.

Wengine wenu mnatikisa kichwa. Mnasema huo ni udanganyifu. Ni kweli, kujiita jina la mtu mwingine si jambo la kumfundisha mtoto. Hatuwaambii mwende mkafanye hivyo. Lakini tuulizane: kwa nini ilibidi? Mtoto alikuwa na uwezo ule ule, mikono ile ile, macho yale yale. Kilichobadilika ni nywele tu. Akiwa na nywele ndefu, hawezi. Akiwa na nywele fupi, anaweza. Sasa mjinga hapo ni nani?

Majirani na jamaa hawakukaa kimya. Walisema binti huyu anacheza na wavulana, baadaye itakuwaje? Baba aliyasikia maneno hayo kila siku, na aliendelea kumpeleka mtoto uwanjani. Wavulana nao hawakumhurumia. Walimrushia mipira ya nguvu. Mara nyingine ilimpiga kichwani kwenye kofia ngumu. Aliinuka, akashika gongo lake tena.

Uliwahi kufika wakati mgumu wa fedha nyumbani kwao. Baba alitapeliwa na watu waliomwahidi kazi. Katika siku hizo Shafali alicheza na glavu zilizochanika, na gongo lililoharibika. Hakumdai baba yake mapya. Alijua hali ya nyumbani.

Kupanda na kuteleza

Baadaye alipata klabu mjini Rohtak iliyompokea kama alivyo, na hapo aliendelea kufanya mazoezi na wavulana wenye nguvu kuliko yeye. Mwenye kuzoea mlima hachoki kwenye tambarare. Alipoanza kucheza na wanawake wenzake, mipira yao hakuiona migumu.

Tarehe 24 Septemba 2019 aliichezea timu ya taifa ya India kwa mara ya kwanza, dhidi ya Afrika ya Kusini, katika mji wa Surat. Alikuwa na miaka 15. Je, alipata mikimbio mingapi siku hiyo? Sifuri! Alitolewa kabla hajapata hata mmoja.

Mngekuwa ninyi mngesemaje? Bila shaka wako waliosema: "Si tuliwaambia? Mtoto huyo!" Lakini alipopewa nafasi nyingine alipata mikimbio 46. Na tarehe 9 Novemba 2019, huko kisiwani St Lucia, alipata 73 dhidi ya timu ya West Indies. Akawa Mhindi mwenye umri mdogo kuliko wote kufikisha mikimbio 50 katika mechi ya kimataifa, wanaume na wanawake pamoja. Aliyeshikilia nafasi hiyo kwa miaka 30 alikuwa nani? Alikuwa Tendulkar, yule yule aliyekwenda kumtazama kijijini Lahli.

Mwaka 2020 Kombe la Dunia la mechi fupi lilifanyika Australia. Wakati wa mashindano hayo Shafali, mwenye miaka 16, alihesabiwa kuwa mpigaji wa kwanza duniani kwa wanawake katika mechi hizo fupi. India ikafika fainali. Tarehe 8 Machi, siku ya wanawake duniani, watu 86,174 walikusanyika uwanjani Melbourne. Mwanzoni kabisa mwa mchezo, mpigaji wa Australia aliuinua mpira, ukamjia Shafali. Akaugusa. Ukamponyoka. Mpigaji yule alibaki, akaendelea kupiga. Zamu ya Shafali ilipofika alipata mikimbio 2 tu, akatoka. Australia ilishinda kwa mikimbio 85. Binti alilia mbele ya dunia nzima.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Juni 2021, huko Bristol, Uingereza, alicheza mechi ndefu kwa mara ya kwanza. Alipata 96 katika zamu ya kwanza na 63 katika zamu ya pili.

Januari 2023 Kombe la Dunia la wasichana wenye umri usiozidi miaka 19 lilifanyika kwa mara ya kwanza, katika nchi ya Afrika ya Kusini. Shafali alikuwa nahodha wa India. Tarehe 28 alitimiza miaka 19. Tarehe 29, mjini Potchefstroom, waliifunga Uingereza na kuchukua kombe.

Hapa tusimame kidogo, maana katika mashindano hayo walikuwapo mabinti wa jirani zetu. Timu ya Rwanda ilicheza Kombe la Dunia la kriketi kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yao. Watu walidhani watapigwa tu na kurudi nyumbani. Waliishinda Zimbabwe. Kisha wakaishinda na West Indies. Huko Kigali, tangu mwaka 2014, kuna mashindano ya kriketi ya wanawake yanayoitwa Kwibuka, ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Timu za wanawake za Uganda, Kenya na Tanzania zimekwenda kushindana huko. Kwa hiyo msiseme kwamba mchezo huu ni wa Wahindi na Wazungu peke yao. Kuna mabinti wa Afrika Mashariki wanaoshika gongo hilo.

Fedha nazo zilianza kuja. Oktoba 2022 chama cha kriketi cha India kilitangaza kwamba katika timu ya taifa, malipo ya kila mechi yatakuwa sawa kwa wanaume na wanawake. Mwaka 2023 ilianzishwa ligi kubwa ya wanawake, na timu ya Delhi ilimnunua Shafali kwa rupia milioni 20. Mwaka huo huo alifaulu mtihani wa darasa la kumi na mbili, tena kwa alama nzuri. Ninyi wanakisomo mtuelewe hapo: hakuacha daftari kwa sababu ya gongo.

Na tarehe 28 Juni 2024, mjini Chennai, katika mechi ndefu dhidi ya Afrika ya Kusini, alipata mikimbio 205. Alifika 200 kwa mipira 194. Hakuna mwanamke aliyewahi kufikisha 200 katika mechi ndefu za kimataifa kwa mipira michache kama hiyo.

Kuachwa

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini haikuishia hapo.

Katika zile mechi za kati, za mipira 300, Shafali alikuwa hapigi vizuri. Tangu mwaka 2022 hakuwa amefikisha hata 50 katika mechi hizo. Ilipofika Novemba 2024, wachaguzi walimwacha. Timu ilisafiri kwenda Australia bila yeye.

Na siku hizo hizo, baba yake alipatwa na ugonjwa wa moyo. Alikuwa amelazwa hospitali. Shafali mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba alimficha baba yake habari ya kuachwa. Alisubiri mpaka mgonjwa apate nafuu ndipo akamwambia. Ebu oneni mtoto huyo. Amebeba huzuni mbili, na ya kwake anaificha ili isimwongezee baba ugonjwa.

Akafanya nini? Alirudi kwenye timu ya jimbo lake, Haryana. Alirudi kwenye viwanja vya nyumbani, ambako watazamaji ni wachache. Desemba 2024, mjini Rajkot, alipata mikimbio 197 kwa mipira 115 dhidi ya timu ya Bengal. Ni kazi kubwa ajabu. Na hata hivyo timu yake ilishindwa siku hiyo, maana Bengal nao walipiga wakapita! Ndivyo dunia ilivyo. Unaweza kulima vizuri na mvua ikakuangusha. Mwaka unaofuata unalima tena.

Agosti 2025 ilitangazwa timu ya India ya Kombe la Dunia. Jina lake halikuwamo. Mashindano yalianza tarehe 30 Septemba, India yenyewe na Sri Lanka. Wenzake wanacheza nyumbani, nchi nzima inatazama, na yeye hayupo. Alikuwa mjini Surat na timu ya Haryana katika mashindano ya majimbo. Surat ni mji ule ule alikopata sifuri akiwa na miaka 15.

Wahunzi wana msemo wao: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtoto wa sonara aliuishi msemo huo bila kuambiwa.

Siku saba

Tarehe 26 Oktoba 2025, India ilicheza na Bangladesh. Mpigaji wa kwanza wa India, Pratika Rawal, aliumia kifundo cha mguu wakati akikimbilia mpira. Alikuwa amecheza vizuri sana katika mashindano yale. Ilikuwa huzuni kubwa kwake na kwa timu. Lakini mtu wa kushika nafasi yake alihitajika upesi. Wakamwita Shafali.

Tarehe 30 Oktoba ilikuwa nusu fainali dhidi ya Australia. Shafali alipata mikimbio 10 tu. India ilishinda kwa kazi ya Jemimah Rodrigues, aliyepata 127 bila kutolewa. Kwa hiyo hata kurudi kwake hakukuanza vizuri.

Tarehe 2 Novemba, fainali, India na Afrika ya Kusini, katika uwanja wa Navi Mumbai. India ilikuwa imefika fainali ya kombe hili mara mbili, mwaka 2005 na mwaka 2017, na mara zote mbili ilishindwa. Siku hiyo mvua ilinyesha, mchezo ukachelewa saa mbili. Hatimaye Shafali na mwenzake Smriti Mandhana wakaingia na magongo yao. Walipata mikimbio 104 kabla ya mmoja wao kutolewa. Shafali alipofika 56 aliuinua mpira, mchezaji wa Afrika ya Kusini akaukimbilia, ukamponyoka! Mnakumbuka Melbourne? Safari hii bahati ilikuwa upande wake. Aliendelea mpaka 87. India ikamaliza na mikimbio 298.

Afrika ya Kusini nao wakaanza kupiga, na nahodha wao Laura Wolvaardt akawa imara kama mbuyu. Mambo yakaanza kuwa magumu. Ndipo nahodha wa India, Harmanpreet Kaur, akafanya jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Alimpa Shafali mpira arushe. Kurusha si kazi yake hasa. Yeye ni mpigaji. Lakini alipokea, akarusha, na akamtoa Sune Luus, akaudaka mpira yeye mwenyewe. Muda mfupi baadaye akamtoa Marizanne Kapp, mchezaji hodari wa miaka mingi. Uwanja mzima ukasimama.

Wolvaardt alifika 101, kisha naye akatolewa. Deepti Sharma aliwatoa watu watano. Afrika ya Kusini ilimaliza na 246. India ikashinda kwa mikimbio 52, na kombe hilo likaenda kwa wanawake wa India kwa mara ya kwanza. Mchezaji bora wa fainali: Shafali Verma.

Tujifunze nini?

Ndugu zetu, hatusemi kwamba kila binti wa kijiji hiki atakuwa kama Shafali. Tungekuwa waongo. Katika wasichana elfu wanaoshika gongo, labda mmoja atafika. Tena kuna wengi wenye kipawa ambao baba zao hawakuwa na duka hata dogo.

Lakini mambo mawili tunayasema bila wasiwasi.

La kwanza: mlango wa kwanza wa mtoto unafunguliwa nyumbani. Serikali inaweza kujenga shule. Chama kinaweza kuleta mpira. Lakini anayesema "mwanangu, nenda" ni mzazi. Baba wa Shafali hakuwa tajiri wala mkubwa wa mahali. Alikuwa na jambo moja: alimtazama binti yake akaona uwezo wake kabla hajaona jinsia yake. Majirani walisema, na waliposema sana, yeye alizidi kumpeleka mtoto uwanjani. Leo wale waliosema wako wapi? Bila shaka wako kwenye televisheni, wanashangilia!

La pili: nafasi haipigi hodi mara nyingi, na haisemi itakuja siku gani. Shafali hakujua kwamba mwenzake ataumia. Hakuna aliyejua. Kama angekaa nyumbani analia tangu Agosti, wangemwita wakamkuta mwili mzito na mkono umelala. Walimkuta uwanjani. Mkulima aliyeandaa shamba mapema hashtuki mvua ikinyesha usiku. Aliyengoja mvua ndipo atafute jembe, palizi itamkuta hajapanda.

Na ninyi mliojifunza kusoma mkiwa watu wazima mnalijua hili kuliko sisi. Wengine mlikatazwa shule mkiwa wadogo, hasa akina mama. Mliambiwa shule ni ya kaka zenu. Nafasi ilikuja baadaye sana, na mliikimbilia mkiwa na watoto mgongoni. Basi msiwafanyie binti zenu yale mliyofanyiwa ninyi.

Kabla hatujaachana, tuna maswali matatu. Mkayajadili katika vikundi vyenu.

Moja: katika kijiji chetu, ni mambo gani tunawakataza watoto wa kike kwa sababu tu ni wa kike? Tuyataje kwa majina.

Mbili: jioni wavulana wanakwenda uwanjani, wasichana wanakwenda kisimani. Je, kazi za nyumbani zinaweza kugawanywa vipi ili wote wapate saa moja ya kucheza au kusoma?

Tatu: mtoto wetu akishindwa mtihani au akiachwa kwenye timu, maneno ya kwanza tunayomwambia ni yapi? Yanamwinua au yanamlaza chini?

Msitupe majibu leo. Nendeni mkayazungumze, baba na mama, na watoto wakiwapo wasikie. Kikao kijacho tutaanza na majibu yenu.